Safari ya maji: tumuulize kwanza asiyejua kuogelea

Mwezi wa Julai uko karibu, shule zitafunga, na katika vikundi vyetu swali ni lile la kila mwaka: pesa za matembezi zimekusanywa, tutakwenda wapi? Mama wa Kisangani akitaka kupumzika, macho yake huenda majini. Si ajabu. Mto Kongo unapita mbele yetu, Tshopo iko nyuma, Lindi iko chini kidogo. Sisi tunaoitwa watu wa Boyoma, nani kati yetu hajakaa ukingoni jioni akifungua liboke ya samaki?

Katika kikundi chetu cha Mangobo, mkutano wa mwezi uliopita ulitoa mapendekezo matatu. La kwanza ni maporomoko ya Wagenya, kama kawaida. La pili ni Yangambi, kwa pirogi ya mota. La tatu lilituvunja mbavu. Mama mmoja mfanyabiashara, anayekwenda Dar es Salaam kununua vitenge na vyombo, alisimama akasema tukusanye pesa miaka miwili, mitatu, twende Zanzibar tukazamie chini ya bahari kuangalia samaki. Mama mzee wetu akamjibu: "Mwanangu, mimi samaki nawaangalia sokoni kila asubuhi, tena bure." Mkutano ukaisha kwa kicheko, bila uamuzi.

Mimi pia nilicheka. Lakini nilipofika nyumbani nilikumbuka safari yetu ya mwaka jana, na kicheko kikaisha.

Mwaka jana tulikuwa wanawake 19 na watoto 6 katika pirogi moja kubwa. Tulikuwa tunarudi mjini saa kumi alasiri, tumeshiba, tunaimba. Upepo ukaamka ghafla, kama unavyojua mto wetu. Mawimbi hayakuwa makubwa. Lakini mama mmoja aliyekaa katikati alisimama wima, akamshika jirani yake shingoni, akaanza kulia. Pirogi ikalala upande. Maji yakaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mwenye pirogi akapiga kelele kwa Lingala, "Vanda! Vanda!", na wasichana wawili Walokele, bila kuambiwa na mtu, wakachukua sufuria tuliyobebea lituma wakaanza kumwaga maji nje. Jile za kuokolea zilikuwa tano kwa watu 25, na zote tano tulikuwa tumezikalia kama mito.

Tulifika. Hakuna aliyekufa, na kwa sababu hakuna aliyekufa, hatukuzungumza tena jambo hilo. Baada ya wiki moja nikamtembelea yule mama. Yeye amezaliwa mbali na mto mkubwa, upande wa msitu, akaletwa hapa na ndoa. Aliniambia kwamba siku ile ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa ndani ya pirogi. Mara ya kwanza katika maisha yake, akiwa na miaka 40 na zaidi! Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu: "Nilikuwa nimekwisha kutoa pesa. Na nyinyi wote mlikuwa mnasema kama vile maji ni nyumba yenu."

Jibu hilo liliniuma kwa sababu mimi ni mwalimu. Darasani nikiuliza, "Nani hajaelewa?", hakuna mkono unaoinuka. Nimeona hivyo miaka yote. Mtoto asiyeelewa ndiye wa kwanza kutazama chini. Sasa sisi, kabla ya safari, tuliuliza hivi hivi: "Kuna mtu anaogopa maji?" Mbele ya watu 18. Tulitegemea nini?

Kwa hiyo nilimrudia yule mfanyabiashara, ambaye tulimcheka. Nilitaka kujua: huko Zanzibar, watu wasiolingana kabisa kwa ujuzi wanaingiaje baharini pamoja na kutoka salama? Yeye alikwisha kwenda mara moja na wifi yake anayeishi Dar. Walikuwa saba. Wawili walikuwa na vyeti vya kuzamia, watatu walijua kuogelea lakini hawajazamia hata siku moja, na wawili, yeye akiwa mmoja, hawakujua kitu. Kikundi kama chetu, ila kidogo.

Kabla ya mtu yeyote kulipa, alisema, kila mmoja alipewa karatasi yake peke yake. Haikuuliza kama unaogopa. Iliuliza una miaka mingapi, unatumia dawa gani, una pumu, una ugonjwa wa moyo, una mimba, uliingia majini mara ya mwisho lini. Wifi mmoja mwenye pumu aliambiwa hazamii mpaka alete barua ya daktari. Alikasirika, kwa kuwa alikuwa mkubwa wa familia. Hawakumbembeleza wala kumbishia. Walimpa miwani ya maji na mrija wa kupumulia, akaogelea juu juu.

Na mambo mengine ya wazamiaji ni ya kisayansi, si ya woga. Ukishuka mita 10 tu, mgandamizo mwilini mwako unakuwa mara mbili ya ule wa juu ya maji. Ukipanda huku umebana pumzi, hewa iliyo mapafuni hutanuka na inaweza kuyapasua. Ndiyo sababu anayejaribu mara ya kwanza hafundishwi kwanza uzuri wa samaki. Anafundishwa kupumua bila kuacha, katika maji ya kifuani, mpaka mwalimu aridhike. Anayejaribu hazidi mita 12, na mwalimu yuko naye pale pale. Mwenye cheti cha kwanza mpaka wake ni mita 18. Mwenye cheti cha pili, mita 30. Wanakwenda wawili wawili, kila mmoja anamlinda mwenzake, na hewa ya mmoja ikipungua, wote wawili wanapanda, hata kama mwenzake bado ana hewa ya kutosha.

Lakini lililonigusa zaidi ni jinsi walivyochagua mahali. Hawakuwatenga. Walichukua mashua moja mpaka kwenye mwamba mmoja wa matumbawe, ambao upande mmoja una maji ya kina kifupi na upande mwingine unashuka polepole kwenda kina kirefu. Wenye vyeti walishuka kule mbali na kiongozi wao. Wanaojaribu walibaki kwenye kina kifupi na mwalimu. Yeye na mwenzake walivaa jile, wakashika boya, wakaweka uso majini wakaangalia. Saa ya chakula wote walikuwa kwenye mashua moja, na kila mmoja alikuwa na hadithi. "Hakuna aliyebaki nyumbani," aliniambia, "na hakuna aliyepelekwa kule asikoweza."

Nilimwambia hiyo ndiyo safari tunayoitaka. Akaniuliza, sasa mbona mlinicheka?

Kwa wale wanaokwenda Dar kweli

Najua wasomaji kadhaa wa jarida letu wanafika pwani kwa biashara, na wengine wana watoto au dada huko. Kama siku moja mtaongeza siku mbili, tatu za kupumzika na familia, haya niliyoyakusanya yatawasaidia, maana pwani yote si moja.

Unguja, upande wa kaskazini-mashariki, kuna kisiwa kidogo cha Mnemba, mbele ya kijiji cha Matemwe. Matumbawe yake yanafaa wazamiaji na pia waogeleaji wa juu juu, na mashua huwachukua wote pamoja. Kwa kikundi kilichochanganyika, hapo ni pazuri. Pemba ni habari nyingine. Kisiwa cha Misali na kuta za matumbawe za Pemba zina sifa kubwa, lakini mkondo una nguvu na bahari inashuka sana karibu na kisiwa. Wazamiaji wazoefu wanapapenda kwa sababu hiyo hiyo inayopafanya pawe pabaya kwa anayeanza. Mafia ina hifadhi ya bahari tangu 1995. Ndani ya ghuba ya Chole maji yametulia kuliko nje, na penye mlango wa Kinasi maji ya bahari kujaa na kupwa hupita kwa kasi, kwa hiyo saa ya kuingia huchaguliwa kwa makini. Mafia pia ndiko anakoonekana papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko samaki wote, ambaye hali watu. Msimu wake ni kuanzia mwezi wa 10 hadi wa 2 au wa 3, na humwona hata yule anayeogelea juu tu.

Majira pia yanahesabiwa. Sisi tunatembea likizo kubwa, Julai na Agosti, na hiyo ndiyo saa ya kusi, upepo wa kusini. Pwani ya mashariki bahari huchafuka. Mwenye watu wanaoanza atafute upande uliojikinga, au angoje kaskazi, Desemba hadi Februari, maji yakiwa na joto. Masika, Machi hadi Mei, ni mvua.

Na jambo moja ambalo mfanyabiashara anaweza kulisahau kwa haraka ya tiketi: ukizamia kwa mtungi siku kadhaa, ngoja saa 18 kabla ya kupanda ndege. Hata kwa mzamo mmoja tu, saa 12. Hewa ya naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kukudhuru juu angani. Siku ya mwisho ya safari iwe ya soko, si ya bahari. (Sijui mama gani wa Kisangani atakataa hilo.)

Ila kwa kikundi chetu cha Mangobo, tuseme ukweli: pesa yetu ya mwaka mzima haifiki hata nusu ya njia ya Zanzibar. Nilichokitaka kutoka kwa wazamiaji ni akili yao, na akili haina tiketi. Basi turudi kwenye mto wetu.

Tupime mahali petu

Nilichukua ule mwamba wa matumbawe kama kipimo. Mahali pazuri kwa kikundi chetu ni pale ambapo anayejua maji anapata maji, asiyejua anapata ukingo, na wote wanaonana kwa macho.

Yangambi tunaipenda. Iko kama kilomita 100 chini ya mto. Watafiti wapo huko tangu 1933, kuna jengo linalohifadhi mimea iliyokaushwa ya nchi yetu nzima, kuna msitu wa hifadhi, na siku hizi kuna mnara wa mita 55 unaopima jinsi msitu unavyopumua. Kwa watoto wa shule ni kitabu kilichofunguliwa. Lakini pimeni safari yenyewe. Ni saa nyingi ndani ya pirogi. Yule mama yetu akianza kutetemeka kwenye kilomita ya 40, tutamshusha wapi? Mwamba una kina kifupi na kina kirefu. Njia ya Yangambi kwa maji ina kina kimoja tu, kwa mzoefu na kwa mgeni, toka asubuhi mpaka jioni. Na kurudi ni kupanda mto, polepole, mota ikinguruma, mara nyingi alasiri, ambayo ndiyo saa ya dhoruba. Sisemi tusiende kamwe. Nasema safari hiyo ni ya kikundi ambacho wote wamekwisha kuzoea pirogi, au ifanywe kwa barabara.

Tshopo, karibu na daraja na bwawa la umeme, vijana wanapapenda. Mimi sipapendi kwa kikundi chenye watoto. Maji yaliyo chini ya bwawa lolote yanaweza kubadilika bila mvua kunyesha mahali mlipo. Ukitaka kukaa kwenye meza na kuangalia, sawa. Kuoga, hapana.

Nikafika kwa Wagenya, mahali tulipopazoea mpaka tumeacha kupaona. Wageni wanatoka mbali kuja kuangalia ile miti mikubwa iliyosimamishwa katikati ya maji yanayochemka, na vile vitunga virefu vinavyoning'inia kuwangoja samaki. Sisi tunapita tu. Hapo ndipo yanapoishia maporomoko yote saba ya Boyoma, ambayo yameanza kule Ubundu, zaidi ya kilomita 100 juu yetu. Ukikaa juu ya mawe unaona kila kitu: wavuvi wakipanda miti kama wanapanda ngazi ya nyumba, samaki wakishushwa, mto wote ukipita kwa kelele. Asiyejua maji hapotezi chochote. Anayejua maji anaweza kupanda mtumbwi mfupi na Wagenya wenyewe, ambao wanaujua mkondo huo tangu utotoni, wakampeleka mpaka karibu na miti na kumrudisha, dakika chache tu, kikundi kizima kikimtazama. Yule anayetaka kujaribu kwa mara ya kwanza anaweza kukaa kwenye mtumbwi uliofungwa ukingoni, asikie unavyocheza chini yake, kisha aamue.

Kuoga katika mkondo ule hakuna ruhusa kwa yeyote, hata kwa aliyekulia Lubunga akivuka kwa kuogelea. Na mawe huteleza. Watoto wadogo wana mtu wao, mwenye jina, ambaye siku hiyo hapigi picha, hapiki, hapokei simu.

Kumuuliza mtu bila kumwaibisha

Safari hii nimebadilisha swali. Sikuuliza mkutanoni. Nilipita nyumba kwa nyumba na mwenzangu wa sanduku la kikundi, jioni tatu, tukauliza kila mama maneno yale yale: "Mara ya mwisho ulikaa ndani ya pirogi lini? Mara ya mwisho uliingia majini, yalifika wapi: magotini, kiunoni, shingoni? Ulipoyaingia, miguu ilikuwa inagusa chini?" Tukauliza pia kuhusu mimba, kifafa, presha na dawa. Mwenye kifafa asiingie majini bila mtu karibu, na hilo si aibu, ni ugonjwa kama malaria.

Majibu yalinishangaza. Kati yetu 19, wanne tu wanaogelea kweli, na wote wanne wamelelewa kando ya mto. Saba waliogelea walipokuwa wasichana, na tangu wapate watoto hawajaingia tena. Hawa ndio walionitia wasiwasi zaidi kuliko wale wasiojua kitu, kwa sababu wanajiamini kwa mwili waliokuwa nao miaka 20 iliyopita. Wanane hawajui kabisa. Mmoja wa hao wanane ndiye aliyekuwa akituimbisha kwa sauti kubwa mwaka jana, amekaa kwenye ncha ya pirogi, miguu nje! Alikuwa anaimba ili asilie. Mwenyewe ameniambia.

Tukawaambia pia kwamba atakayebaki ukingoni anatoa pesa ile ile na anakula chakula kile kile. Atakayebadilisha mawazo asubuhi ya safari, hata akiwa amekwisha kuweka mguu mmoja ndani ya mtumbwi, hakuna wa kumcheka. Tuliliandika hilo kwenye daftari la kikundi, kwa sababu sisi wanawake tunaheshimu kilichoandikwa karibu na pesa.

Kuzungumza na mwenye pirogi

Msilipe kabla ya kuona. Nendeni wawili siku moja kabla, mmoja wenu awe anajua mto. Mwulizeni anachukua watu wangapi, halafu hesabuni jile moja moja kwa mkono, mkianzia na za watoto. Jile ya mtu mzima kwa mtoto wa miaka mitano ni hatari, inapanda mpaka kichwani na yeye anateleza chini. Fungeni kamba zake muone kama zinafungika. Jile haikaliwi. Inavaliwa ukingoni, kabla ya mguu kuingia, na inavuliwa ukingoni. Watu wakiisha kukaa, kutoka juu ya maji mpaka kwenye mdomo wa pirogi kubaki angalau shubiri moja ya mkono wenu. Isipobaki, watu washuke, hata kama ni mama mkwe.

Muulizeni kama ana makasia, maana mota hufa. Mnuseni kinywa, samahani kwa neno hilo, lakini lotoko ya asubuhi imezamisha watu wengi kuliko upepo. Na sisi wenyewe, Primus ingoje mpaka tumerudi nchi kavu. Ondokeni asubuhi, rudini kabla ya saa nane. Usiku, hapana, hata kama mwezi unawaka.

Mkifika, kaeni. Hili nalisema kwa nguvu. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, upande wa Tanzania, kikiwa kimebaki kidogo tu kufika kisiwa cha Ukara. Kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Watu zaidi ya 200 walikufa. Na sisi wa Kongo hatujasahau Oktoba 3, 2024, meli iliyotoka Minova ilivyozama mbele ya bandari ya Kituku huko Goma, watu wa nchi kavu wakiangalia. Tunafikiri hatari iko katikati, mbali. Kumbe ukingo ukionekana, kila mtu anasimama kuchukua mzigo wake. Safari hii atashuka mmoja mmoja, kuanzia mbele, na nahodha ndiye atakayetaja jina.

Mtu akianguka majini, asirukiwe na rafiki yake. Anayezama hushika chochote, na anakishika mpaka kizame naye. Mrushieni bidoni tupu ya njano, ile ya mafuta, kifuniko kimekazwa na kamba imefungwa kwenye mkono wake. Bidoni ya lita 20 inambeba mtu. Kila nyumba yetu inayo.

Na kujifunza?

Kijijini Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi uitwao Panje umewafundisha wasichana kuogelea, na walimu wanawake pia, wakiwa wamevaa nguo zinazofunika mwili wote ili dini na wazazi wasipate la kusema. Visiwa vizima, bahari pande zote, na wasichana hawakuwa wakijua kuogelea! Nilipousoma habari hiyo sikucheka, maana mji wetu nao umekaa juu ya mto na kati yetu 19 ni wanne tu. Kaka zetu walijifunza kwa kutoroka. Sisi tuliambiwa tubaki kuosha vyombo, tena pale pale kwenye maji.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2021 watu kama 300,000 walikufa maji duniani, na walio wengi kabisa ni katika nchi zisizo tajiri kama yetu. Julai 25 Umoja wa Mataifa umeiweka kuwa siku ya kuzuia vifo hivyo. Wale wanne wetu wamekubali: kuanzia wiki ya kwanza ya likizo, Jumamosi asubuhi, mahali patulivu penye mchanga ambapo maji hayapiti kiuno, watatufundisha kuelea chali na kupumua. Hakuna zaidi ya hayo kwa mwezi wa kwanza. Watoto wa kike wa kuanzia miaka saba waje na mama zao. Mkiwa wa kikundi kingine na mnataka kuja, leteni bidoni yenu na mtu wenu wa kuwahesabu, mnapoingia na mnapotoka.

Kuhusu matembezi, tumekubaliana Wagenya, Jumamosi ya pili ya Julai, saa mbili asubuhi. Mama mfanyabiashara ameomba Zanzibar ibaki kwenye daftari, na imebaki, ukurasa wa mwisho. Yule mama aliyesimama ndani ya pirogi mwaka jana ndiye tuliyemuuliza wa kwanza. Alisema atakaa juu ya mawe. Jana amenitumia ujumbe kwamba atakaa juu ya mawe, lakini anauliza ule mtumbwi utakaofungwa ukingoni utafungwa kwa kamba ngapi.

Nimemjibu: mbili.